Umefungua kava ukakuta kiota: majibu kwa wenye mashine zilizolala

Safari hii barua zimekuwa nyingi na karibu zote zinaongelea kitu kimoja, mtu kaiacha mashine bandani au nje chini ya turubai miezi kadhaa, siku anaihitaji anakuta kuna wenyewe wamehamia. Kuna panya, nyigu, sisimizi, nyuki na ndege. Zingine nimezijibu kwa urefu kwasababu zina hatari ndani yake, zingine kwa kifupi tu.

Swali: Fundi habari za kazi. Nina mashine ya kukata nyasi ya petroli, niliipaki bandani kama miezi 4. Juzi nikaitoa nikavuta kamba ikawaka vizuri tu, ila baada ya kama dakika 5 ikaanza harufu ya kuungua na moshi ukawa unatokea kwenye kava la juu, nikazima. Kufungua kava nikakuta manyasi, vipande vya karatasi, pamba za godoro, na vitoto vya panya vimekufa. Je injini imeshaharibika? Na nisafishe vipi maana harufu ni kali mno.

Jibu: Pole sana ndugu yangu, na umefanya jambo la maana kuzima mapema maana wengi hapo wanaendelea na kazi wakidhani ni vumbi linaungua. Injini ndogo kama hiyo haina rejeta, inapozwa na upepo tu. Lile gurudumu la juu linalozunguka ukivuta kamba lina mapanga kama ya feni, yanavuta hewa kwenye matundu ya kava na kuisukuma ipite katikati ya vile vibati vinavyoizunguka silinda. Sasa panya anapapenda hapohapo, pakavu, pana giza, pana paa, na adui hawezi kuingia. Akishajaza manyasi yake upepo haupiti tena, silinda inapanda joto, oili inakuwa nyepesi kama maji, na ungeendelea kukata nyasi mpaka umalize uwanja mzima ungeweza kuikuta imenoki kabisa. Na hapo sijagusia moto, manyasi makavu karibu na ekzosi ni kuni zilizopangwa tayari.

Kwa dakika 5 sina wasiwasi sana na injini yako. Ila kabla ya injini kuna wewe mwenyewe, na hapa naomba unisikilize kuliko sehemu nyingine yote ya jibu hili. Usichukue ufagio, na usipulize na kompresa. Mkojo na kinyesi cha panya vinaweza kubeba magonjwa mabaya, leptospirosisi ni mojawapo, na kuna virusi vya hanta ambavyo mtu anavipata kwa kuvuta tu lile vumbi la kiota kilichokauka. Fungua banda lipigwe hewa nusu saa wewe ukiwa nje, vaa glovu za mpira na barakoa inayobana vizuri usoni, chomoa waya wa plagi (na betri kama ipo), kisha changanya dawa ya klorini ile ya kufulia nguo nyeupe, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 9 za maji, lowanisha kiota chote na mizoga, subiri dakika 5, ndo uanze kutoa kwa mkono wenye glovu na kuweka kwenye mfuko unaofungwa. Usichanganye hiyo klorini na sabuni au dawa nyingine yoyote maana inaweza kutoa gesi mbaya. Ukimaliza futa vyuma kwa kitambaa chenye maji safi na uvikaushe, kwasababu klorini inakula alumini na mkojo wa panya nao unakula alumini, vyote viwili vikibaki pale utakuta unga mweupe na vibati vimetoboka.

Halafu kagua waya. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua mpaka anakufa kwahiyo lazima atafune kitu kigumu, na waya kwake ni kama kitu kingine chochote. Kwenye mashine yako kuna waya mwembamba unaotoka kwenye koili kwenda kwenye kizimio. Ukichubuka ukagusa bodi injini haiwaki kabisa, plagi haitoi cheche, na utahangaika kubadilisha plagi na kabureta bure. Ukikatika ndo hatari zaidi, injini itawaka halafu itakataa kuzima. Uangalie kwa macho na uupapase wote kwa vidole mpaka mwisho. Fungua na eya klina, mara nyingi panya mwenye kiota kwenye feni ana stoo yake ya chakula kwenye eya klina.

Baada ya hapo toa plagi, vuta kamba taratibu usikie kama inazunguka laini bila kukwaruza, badilisha oili, rudisha plagi, rudisha KAVA (wengi huijaribu bila kava, bila kava upepo haufiki kwenye silinda hata kama mapanga yanazunguka), iwashe dakika 2 au 3 uzime uikague tena. Isipotoa harufu uko salama.

Swali: Kaka fundi, jenereta langu linanitesa. Linawaka, linafanya kazi kama robo saa, linazima lenyewe. Nikiliacha kidogo linawaka tena, linazima tena. Fundi mmoja kasafisha kabureta mara 2, wa pili kasema petroli chafu, nimebadilisha petroli, bado. Kitu pekee nilichokiona ni nyigu kujenga vitope kwenye mfuniko wa tenki na kwenye ekzosi, lilikaa bila kutumika muda mrefu. Au ndo hao?

Jibu: Ndo hao dada yangu, na umeliona mwenyewe kabla ya mafundi wote. Petroli ikitoka kwenye tenki lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake, na hewa hiyo inaingia kwenye kitundu kidogo sana kilichopo kwenye mfuniko. Kikizibwa, petroli inashuka kidogo kidogo mpaka ndani ya tenki panakuwa na mvuto unaoizuia isishuke tena, injini inakosa mafuta inazima. Ukiliacha, hewa kidogo inapenya, linawaka. Jaribio lake ni rahisi mno: siku linapozima, sogeza pua mbali, legeza mfuniko taratibu usikilize. Ukisikia ssss ya hewa kuingia na baada ya hapo likawaka likaenda vizuri, umemaliza utafiti. Ila kabla ya yote angalia kama mfuniko wako una kile kiswichi cha kufungua na kufunga hewa, majenereta mengi madogo yanacho, usije ukawalaumu nyigu kumbe kimefungwa.

Nyigu wa matope hakai kundi kama wale wengine, jike anafanya kazi peke yake. Anabeba donge la tope, anaziba tundu ambalo tayari lipo (kwake tundu la bomba ni nyumba iliyojengwa nusu), anaingiza buibui aliowadunga wakapooza bila kufa ili wawe chakula cha mtoto, anataga yai, anaziba mlango. Anaweza kumaliza hayo katika siku chache tu, kwahiyo usiseme mashine haijakaa muda mrefu.

Na watu wakiniambia nyigu ni kitu kidogo huwa nawakumbusha ndege ya abiria ya Birgenair, Boeing 757 iliyoanguka baharini tarehe 6 Februari 1996 dakika chache baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, wakafa watu wote 189. Ndege ilikuwa imepaki wiki karibu 3, na kwenye bodi ya ndege kuna kijibomba kinachopima mwendo kwa kupokea upepo. Wachunguzi waliona inaelekea kimoja kilizibwa na nyigu wa matope kwasababu hakikufunikwa wakati ndege imepaki, kipimo cha rubani kikawa kinadanganya, na marubani wakachanganyikiwa. Tundu moja dogo, mfuniko mmoja uliosahaulika. Huwa nikikumbuka hilo siwezi kupita jenereta lililopaki bila kuliangalia matundu yake.

Sasa safisha. Tope la kwenye mfuniko loweka kwa maji ya uvuguvugu mfuniko ukiwa umetolewa kwenye tenki, pitisha waya mwembamba, puliza kwa mdomo upande wa nje mpaka upepo upite. Kwenye ekzosi ng'oa tope kwa bisibisi ukilivuta NJE, usilisukume ndani maana litavunjikia kwenye vibati vya ndani ya sailensa ukose namna ya kulitoa. Nyigu huyu si mkali, mara chache sana anadunga, huhitaji kumpulizia dawa wala kumchoma. Na jamani, hili nalisema kwa wote, msiue nyigu wala nyuki kwa kumwagia petroli kwenye mashine, kuna watu wameungua kwa njia hiyo na hakuna kiota kinachostahili gharama hiyo.

Wenye injini za boti nao wakague lile tundu dogo pembeni linalorusha maji kuonyesha kwamba injini inapozwa. Wadudu wanapenda kuliziba, na maji yasiporuka usijue ni pampu imekufa au ni tope tu.

Swali: Shikamoo fundi. Pampu yetu ya maji ya umeme imegoma, kufungua kiboksi cha swichi ya presha nimekuta sisimizi wamekufa wamejaa kama konzi nzima. Kwanini waende kufia sehemu moja?

Jibu: Marahaba mwanangu. Sisimizi mmoja anakanyaga vile vichuma viwili vinavyogusana anapigwa shoti, na akipigwa anatoa harufu ya kuita wenzake kwenye hatari, wenzake wanakuja kupigana na adui, nao wanapigwa wanaita wengine. Wanarundikana mpaka vichuma havigusani tena au vinagusana vikiwa na uchafu katikati vinaungua. Cha kwanza zima umeme kwenye swichi kubwa, usiamini ile ndogo, hakikisha kwa testa. Toa mizoga kwa brashi kavu, kama vichuma vimeungua na kuwa na mashimo badilisha swichi nzima. Usipulizie dawa ya kopo humo ndani, nyingi zina mafuta na zinashika moto. Tundu la kuingilia waya lizibe kwa silikoni, na fyeka nyasi zinazogusa kiboksi maana ndo daraja lao. Kama wewe bado mdogo mwambie mkubwa azime umeme na asimame pale mpaka umalize.

Swali: Ndugu mhariri, trekta langu limesimama tangu msimu uishe, sasa nyuki wameingia kwenye kisanduku cha zana nyuma ya siti. Jirani kasema niwashe injini moshi uwafukuze. Nimesita nikaona niulize kwanza.

Jibu: Umefanya vizuri mno kusita, na nakuomba usiwashe kabisa. Mtikisiko wa injini na moshi wa dizeli utawakasirisha wakati wewe umekaa juu ya siti, nusu mita kutoka kwao. Nyuki mmoja akidunga anaacha harufu inayowaambia wengine dunga hapahapa, ndo maana mdungo wa kwanza unafuatwa na mingine mingi.

Angalia kwa mbali kwanza. Kama ni bonge la nyuki limening'inia tu bila masega, huenda wamepumzika wakati wenzao wanatafuta makazi, mara nyingi wanaondoka wenyewe ndani ya saa chache au siku mbili tatu. Kama wanaingia na kutoka kwa mpangilio siku baada ya siku basi wameshajenga, hapo mtafute mfugaji wa nyuki mwenye mavazi na mzinga, awahamishe. Anatakiwa atoe na masega yote, akiacha nta na asali utapata sisimizi, panya, na kundi jingine la nyuki litakalonusa kwamba hapa palishawahi kukaliwa. Mpaka siku hiyo watoto wasisogee na mifugo isifungwe karibu, mnyama aliyefungwa hawezi kukimbia.

Na wakikuvamia kabla ya hapo, kimbia moja kwa moja ukiwa umeziba uso, ingia ndani ya nyumba au gari ufunge. Usijitose majini, wanakusubiri juu. Mwiba utoe haraka kwa kucha au chochote maana unaendelea kusukuma sumu hata nyuki akishaondoka. Mtu akianza kuvimba uso, kupumua kwa shida au kulegea, ni hospitali saa hiyohiyo, usimwekee dawa za nyumbani ukasubiri.

Swali: Fundi, ndege wamejenga kiota chini ya boneti ya trekta, nimekikuta na mayai 4. Nalihitaji trekta wiki hii. Nafsi inanisuta.

Jibu: Nafsi inayokusuta iko sawa, na katika nchi nyingi sheria nayo iko upande wake. Uingereza ina sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inayokataza kuharibu kiota cha ndege wa porini kinachotumika, Marekani ina ya ndege wahamao tangu 1918. Uliza ya kwenu kabla hujagusa. Ndege wadogo wengi mayai yanaanguliwa kama wiki 2 na makinda yanaruka baada ya wiki 2 au 3 nyingine, kwahiyo ni kama mwezi mmoja hivi. Kama kuna namna yoyote ya kuazima trekta jingine, azima.

Tatizo ni kwamba hili lilitakiwa lizuiwe wiki kadhaa nyuma. Msimu wa ndege kujenga, trekta likisimama hata siku moja tu fungua boneti kila asubuhi kabla ya kuwasha, kuna ndege wanaojaza ndoo nzima ya manyasi kwa siku, na manyasi yale yanakaa juu ya ekzosi manifoldi, lile bomba la moto linalotoka kwenye injini. Trekta linapata moto shambani mtu hajui umetoka wapi. Ukiyatoa siku ileile kabla yai halijatagwa hujamuumiza mtu, ndege atatafuta mti. Na gonga boneti kabla ya kufungua, kuna paka wanaolala juu ya injini yenye joto, na kuna nyoka wanaomfuata panya. Usiingize mkono usipopaona.

Swali: Naona wanauza vifaa vya sauti ambayo binadamu hasikii, eti panya wanakimbia. Wengine wanasema naftalini (vile vidonge vya kuweka kabatini), wengine sumu. Kipi kinafanya kazi kwenye banda la kombaini, mashine ya kuvuna nafaka?

Jibu: Vya sauti hapana. Mwaka 2001 tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliwaandikia onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 kwasababu madai yao hayakuwa na ushahidi wa kisayansi. Panya anazoea, na ile sauti haipiti kwenye kitu kigumu, akiwa nyuma ya bati hata haisikii. Naftalini ni sumu, inakuachia harufu kwenye kebini utakayokaa kutwa nzima, na mtoto akikiona kidonge chake anadhani pipi. Sumu ya panya inamuua ndiyo, lakini anakwenda kufia ndani ya bomba la hewa la kebini, na bundi au paka anayemla aliyekula sumu naye anaumia, yaani unaua mlinzi wako mwenyewe. Mimi naipendelea mitego ya kubana, iliyowekwa ubavuni mwa ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwasababu panya anatembea akisugua ukuta.

Ila ukiniuliza kinachofanya kazi kweli ni kitu kisichouzwa. Kombaini linaingia bandani likiwa na nafaka kwenye tangi, kwenye elevata, chini ya ungo, na makapi kila kona. Hiyo ni ghala la chakula lenye vyumba vya kulala. Panya mdogo wa nyumbani anabeba mimba wiki 3 tu na watoto wake wanaanza kubeba mimba wakiwa na wiki kama 6, kwahiyo wawili walioingia siku ya kwanza ya stoo si wawili tena msimu ukirudi. Fungua milango yote ya chini, endesha mashine tupu, puliza, fagia, fanya siku mbili ikibidi (hii ni kabla panya hajahamia, ukikuta kiota fuata yale ya klorini hapo juu). Halafu nyanyua boneti na uiache wazi kama banda lina paa, panya hapendi kujenga penye mwanga na upepo. Matundu ya banda ziba kwa wavu wa chuma, si kwa mbao wala povu, na kumbuka panya mdogo anapita tundu la milimita 6, yaani penseli ikipita naye anapita. Fyeka nyasi kuzunguka banda.

Buibui nao usiwadharau. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliyarudisha gereji maelfu ya magari ya Mazda6 kwasababu kuna buibui wa manjano anayevutwa na harufu ya petroli, alikuwa anajenga utando kwenye bomba la hewa la mfumo wa mafuta mpaka tenki linaweza kupata ufa, na 2014 ikabidi warudie. Utando tu!

Swali: Mimi nimeziba ekzosi na mdomo wa hewa kwa matambara ili wasiingie. Mke wangu anasema nitasahau. Nani yuko sawa?

Jibu: Wote wawili. Ziba, lakini tambara panya analichana analifanya godoro, tumia pamba ya chuma au kifuniko cha bati, injini ikiwa imepoa. Pamba ya chuma kwenye mdomo wa hewa iwe ndani ya kipande cha wavu, nyuzi zake zisinyonywe ndani ya injini. Kisha kila unachoziba kifunge kwa kamba nyekundu ndefu inayoning'inia nje, na idadi yake iandike kwenye karatasi uifunge kwenye ufunguo wenyewe, "vizibo 3", usiache kwenye ukuta wala kwenye simu. Siku ya kuwasha huyo mwenye ufunguo hata kama si wewe atahesabu tatu kabla hajageuza. Na ufunguo mwachie mke wako.